Taa za Nyuma Zilizotoka Gongo la Mboto

Nyie vijana mnaolalia boneti za magari ya zamani mpigwe picha, magari yaliyotengenezwa kabla baba zenu hawajaota ndevu, haya nawaandikia nyie. Sitawasimulia kwa utamu. Nina hasira. Niliingoja ipoe niandike vizuri, haikupoa, basi naandika nayo hivyo hivyo. Shule niliishia darasa la nne. Mkikuta nimeandika kama mtu anayeongea, ni kwa sababu naongea.

Nyumba yangu iko Temeke, ndani ndani, unaipita mashine ya kusaga na msikiti ndiyo unafika. Ina uwanja mpana mbele. Marehemu mume wangu alikataa kuujaza vyumba vya wapangaji, watu wakamcheka. Sasa uwanja huo ni gereji ya mwanangu, kitinda mimba. Siyo gereji ya kila gari linalokohoa. Yeye anafufua magari ya michezo ya Kijapani, yale ya milango miwili, pua ndefu, mgongo umeteremka, yaliyokuwaga yanakimbizwa kwenye mashindano ya vumbi enzi tukiwa wasichana. Linaletwa limeoza, kuku wametagia kwenye kiti cha dereva. Likitoka getini kwangu linang'aa mpaka unajiona meno.

Kazi hiyo naijua kwa masikio na pua. Nimekaa barazani nachambua mchele huku wao wanapiga msasa, wanachomelea sakafu, wananyoosha bodi. Najua puti, ule ujiuji wa kuzibia mashimo ya bodi, ikipakwa nene inakuja kupasuka. Najua kabureta ikisafishwa ovyo gari linatoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Na ipo kazi moja mwanangu hampi fundi yeyote, ananipa mie: kuosha vioo na taa. Mafundi wana mikono ya pupa, wanakwaruza. Mie natumia maji ya vuguvugu, sabuni ya mche na kipande cha kanga iliyochakaa, taratibu, na ile plastiki iliyopauka inarudi kuwa nyekundu.

Sasa niseme kinachoniudhi, ni neno orijino. Wateja wa mwanangu hawaulizi kama gari linatembea. Wanauliza kama nati ndiyo yenyewe. Nimeona mtu mzima, suruali imepigwa pasi, amepiga magoti kwenye vumbi la uwanja wangu anamulika kwa tochi ya simu, anatafuta muhuri wa kiwanda kwenye kichwa cha skrubu. Nimesikia ugomvi wa kutwa nzima kwa sababu uzi wa viti ulikuwa mnene kuliko ule wa kiwandani. Wauza spea nao wameshawajua. Waliwahi kumuuzia mwanangu usukani mpya kabisa, wameukwangua na kuulowesha oili chafu uonekane mzee. Akaja nao kifua mbele. Harufu ndiyo iliyomfumbua macho, usukani uliokaa miaka yote hiyo haunuki oili ya jana.

Nikamwambia, "Wenzio wanadanganyiwa umri kwa kupunguziwa. Wewe umeongezewa."

Mafundi walicheka mpaka wakaweka spana chini. Yeye hakucheka.

Nikawa najisemea, kila mtu na ugonjwa wake. Lakini katika maswali yao yote, imetoka kiwanda gani, ya mwaka gani, imewahi kufunguliwa, sijamsikia hata mmoja akiuliza imetoka kwa nani.

Mteja mmoja, bwana wa makamo anayekaa Kinondoni upande wa baharini, alileta gari alilolikuta Wazo nyuma ya ghala, limeganda vumbi la saruji mpaka ukiligonga linalia kama ukuta. Mwanangu alilihangaikia gari lile kuliko alivyohangaikia harusi yake. Sakafu, injini, rangi, viti, vyote vikakaa sawa. Zikabaki taa za nyuma. Zilizokuwepo zilikuwa zimepasuka, na kiwanda kiliacha kuzitoa zamani. Akatafuta kwenye simu, huko Japani kwenyewe walio nazo hawaziachii. Akaagiza za kuigiza, zikaja. Mteja akazishika, akazielekeza juani, akasema, "Hapana. Hii nyekundu siyo." Mie niliiona ni nyekundu. Sikuulizwa.

Na mteja alikuwa na haraka. Jumamosi moja wenye magari ya zamani walikuwa wanakutana kuonyeshana, naye ameshawatangazia wenzake kwamba anakuja na gari lisilo na kitu cha kuigiza hata kimoja.

Kabla ya Jumamosi hiyo mwanangu akaja na taa mbili amezifunga kwenye blanketi kama mtoto mchanga. Akaniwekea mkekani.

"Umezipata wapi?" nikamuuliza.

"Mjini, mama. Kwa wale wale wauza spea."

"Wale wa usukani?"

"Safari hii nimebahatika."

Nikaanza kuosha. Ndani ya taa ya kwanza nikakuta nyumba ya nyigu, udongo mkavu umeshikana kwenye kona. Nikasita. Nyigu hajengi dukani, kwenye taa inayopita mikononi mwa madalali. Anajenga palipotulia. Nikaendelea kusugua, uchafu ukatoka, na pembeni kabisa chini nikaona namba.

Mnajua hapa mjini kwetu mtu mwenye gari anaandikisha namba yake kwenye vioo na taa, ili mwizi akizing'oa asipate pa kuziuzia. Siku hizi wanaandika kwa dawa inayounguza kioo, herufi zimenyooka kama za kitabu. Hii haikuwa ya dawa. Ilikuwa imechorwa kwa mkono, kwa ncha ya kitu kigumu, namba ya mtindo wa zamani, na mchoraji alikuwa na subira, kila herufi ameipitia tena na tena mpaka imezama. Nikageuza taa ya pili. Namba ile ile, mkono ule ule. Na haikuwa namba ya gari lililokuwa mbele yangu uwanjani.

Nikamwita. Akaja anajifuta mikono.

"Hii nini?"

Akaangalia. "Ah, hiyo nitaipiga polishi, itatoka."

"Sijakuuliza itatokaje. Nimekuuliza mwenye namba hii yuko wapi."

Mwanangu ni mtu mzima, ana watoto. Lakini uongo hauwezi, hata utotoni ulikuwa unamshinda. Akachuchumaa, akasema taa zimetoka Gongo la Mboto. Kuna mzee mstaafu alikuwa na gari kama lile lile, limeegeshwa uani. Mzee amefariki. Mdogo wake marehemu ndiye aliyemwita, ndiye aliyepokea hela, ndiye aliyesimama pale taa zikifunguliwa.

"Marehemu alikuwa na mke?"

"Anaye."

"Yuko wapi?"

"Yumo ndani. Yuko eda."

"Ulimuuliza?"

Akanitazama kama mie ndiye nimepotoka. "Mama, mtu yuko eda, mie mwanamume, ningemuuliza vipi? Hata hodi sikupiga. Nimemheshimu."

Nilinyanyuka pale mkekani na maji ya sabuni yakanimwagikia miguuni.

Kwa wasiojua, niwaeleze. Mjane wa Kiislamu anatulia ndani muda wake wote wa eda, hajipambi, haonani na wanaume wasio maharimu wake, yaani wasio ndugu asioweza kuolewa nao. Ni stara yake na ni haki ya marehemu. Lakini eda haimzibi mtu mdomo. Mie nimekaa eda katika nyumba hii hii. Fundi bomba alikuja, akasimama nje ya mlango, akasema bomba limepasuka wapi, nikamjibu kwa ndani akate upande gani. Muuza mkaa aliniuliza, nikamjibu. Hakuna aliyeniona na hakuna aliyenipita. Hawa wakwe na mafundi wa siku hizi wamejifanyia eda yao: mama kafungiwa ndani, basi kila kilichopo uani hakina mwenyewe. Wanakuja na spana, wanatembea kwa vidole, wanaongea kwa kunong'ona, halafu wanarudi nyumbani wanajiona wana adabu.

Nilimwambia hayo yote na zaidi, mengine siyaandiki. Nikamwambia mirathi haijagawanywa. Hata kama shemeji mtu ana fungu lake katika mali ya kaka yake, fungu halichukuliwi kwa spana siku anayojisikia. Mwanangu akasema hela ameshatoa. Nikamwambia amempa asiyekuwa mwenyewe, hiyo ni ya kuulizana yeye na huyo bwana.

Kesho yake nikachukua bajaji mpaka Gongo la Mboto. Nilifunga kilo za mchele na sukari, msibani huendi mikono mitupu hata kama msiba umeshakaa. Nyumba sikuitafuta sana, ukisema kwa mzee wa gari la bluu kila mtu anakuonyesha.

Gari lilikuwa uani chini ya turubai. Nikainua pembe ya turubai kwa nyuma. Matundu mawili, na ndani nyaya. Nyaya zenyewe zilikuwa zimeviringwa vizuri, kila ncha imefungwa utepe mweusi isije ikagusana na nyingine. Huo mkono naujua, niliuzaa mie. Na kuona ule utepe kuliniudhi kuliko kama angezing'oa kwa nyundo.

Mjane nilimkuta chumbani kwake, amekaa ukingoni mwa kitanda, nguo nyeupe, tasbihi mkononi. Mwanamke wa rika langu, mwembamba, sauti ya chini. Tukapeana pole. Akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Temeke, mie ni mama wa fundi aliyekuja kwenye gari.

Uso wake ukafunguka.

"Ndiye wewe mwenzangu? Basi Mungu amkuze mwanao. Zimefikia wapi?"

"Nini?"

"Taa. Shemeji alinisemesha hapo mlangoni, akasema amepata fundi mzuri wa magari haya, anaanza na taa, anakwenda kuzitengeneza, halafu atarudi kwa injini. Nilisikia spana. Nimekaa hapa hapa nasikiliza. Nikamwambia mjukuu wangu awapelekee chai na vitumbua. Walikula?"

Nilishindwa kumtazama. Nikatazama mlango.

"Walikula," nikasema.

Akaendelea, maskini, hana habari. Akasema mumewe alikuwa analiwasha gari lile kila Ijumaa akitoka kuswali, anamwita yeye aje akae pembeni, hawaendi popote, wanakaa tu linanguruma. Mwaka wa mwisho likakataa kuwaka. Akawa anakaa ndani yake hivyo hivyo, mlango wazi. Alisema akipata nafuu atatafuta fundi. Hakupata nafuu.

"Sasa mie nikitoka eda," akasema, "nataka nilikute linawaka. Siendi nalo kokote. Nataka tu nilisikie."

Ningeweza kunyamaza. Ningerudi Temeke, nikazileta taa kimya kimya, naye asijue kitu. Lakini huyu mama alikuwa ameshadanganywa kupitia mlango mara moja, na mimi nilikuwa ndani ya mlango. Nikamweleza. Taa hazikwenda kutengenezwa. Zimeuzwa. Zinakwenda kwenye gari la mtu mwingine. Aliyeuza ni shemeji yako, aliyenunua ni mwanangu.

Tasbihi ilisimama mkononi.

"Na chai yangu wamekunywa," akasema.

"Wamekunywa."

"Shemeji naye alikunywa. Nilimsikia anaomba sukari." Akavuta pumzi. "Ile namba umeiona? Aliichora mwenyewe, kwa msumari. Mie ndiye niliyemshikia taa. Alinifokea kwa sababu natikisika."

"Nimeiona. Bado ipo."

"Nirudishie, mwenzangu."

Hakulia, hakulaani. Nikaaga nikatoka, na dereva wa bajaji akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia aendeshe.

Nafika nyumbani, nakuta gari la mteja limetolewa katikati ya uwanja, jekundu, limeoshwa, na mteja mwenyewe amesimama nyuma yake. Taa zimeshafungwa. Mwanangu amezifunga mie nikiwa Gongo la Mboto, aliona nikirudi nitakuta mambo yameshakwisha na mtu mzima anasamehe. Mteja alikuwa anapiga picha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Gari lako zuri. Taa hizo zinafunguliwa."

Akacheka. "Mama na utani wako."

"Mwanangu hajakwambia zimetoka wapi?"

"Ameniambia. Kuna mzee alifariki, ndugu yake akaziuza. Mama, mie nimelipa kihalali. Hayo ya familia yao mie sikuyajua."

"Sasa unayajua."

Akabadili sauti, akaniongelesha kama watu wanavyoongea na mgonjwa. "Mama, nielewe. Hizi hazitengenezwi tena. Dunia nzima. Jumamosi watu wanakuja kuliona gari hili."

"Na aliyezichora namba naye hatengenezwi tena."

Hapo akachangamka, akadhani tumefika mahali pamoja. "Ndiyo hiyo, mama. Fundi alitaka kuifuta ile namba, nikamkataza mwenyewe. Iache, nikamwambia. Imechorwa kwa mkono, unaona kabisa ni ya enzi hizo. Inalipatia gari stori."

Nimeishi miaka mingi, nimeudhiwa na watu wa kila aina, wenye nyumba, mabwana forodha, mawifi. Sikumbuki neno lililonichoma kama lile. Mtu amekaa na msumari, mkewe amemshikia, amechora namba yake ili kitu chake kisiibwe. Kimeibwa. Na aliyenacho anaifurahia namba, anaiona pambo. Hakuifuta kwa sababu haimtishi. Mwizi wa kawaida angalau angeisugua usiku kwa woga.

"Stori ya nani?" nikamuuliza. "Jumamosi wakikuuliza namba hiyo ni ya nani, utawaambia nini?"

Akamtazama mwanangu, kama kumwambia amshughulikie mama yake.

Mwanangu akanivuta pembeni, karibu na pipa la maji. "Mama," akasema kwa sauti ya chini, "huyu akiondoka, ataondoka na wenzake. Wako wote kwenye kundi moja la simu. Akiandika neno moja kule, mie sina mteja. Na hawa vijana wawili nawalipa nini?"

Hakuwa anasema uongo. Nilimwona usoni, alikuwa anaogopa kweli, na kazi ile ndiyo anayoijua, ndiyo inayolisha nyumba, mie nikiwemo. Unga wa jana ulitoka kwenye gari lile jekundu. Nilijua ninachokivunja.

"Ulisikia chai ilikotoka?" nikamuuliza.

"Chai gani?"

"Ile ya Gongo la Mboto. Na vitumbua. Uliambiwa nani kaituma?"

Akafikiri. "Kitoto kilileta. Nilidhani ni ukarimu tu."

"Ilikuwa shukrani. Mama yule alikuwa ndani anasikiliza spana zako, anaamini unamtengenezea gari la mumewe. Shemeji mtu kamwambia hivyo. Wewe unafungua, yeye anakuombea dua."

Mwanangu aliweka mkono juu ya pipa. Mteja kule akaanza kuita, fundi vipi, fundi tunamaliza au hatumalizi. Sikumpa nafasi mwanangu ya kuchagua. Watu wanasema mtu mzima aachwe aamue mwenyewe. Alikuwa ameshaamua mara mbili, mara zote mbili vibaya.

Nikapanda barazani kwangu. Nikamwita mkwe wangu, mke wa mwanangu, atoke jikoni, nikawaita mafundi wote wawili, nikamwita mwanangu. Mteja akasogea naye, sikumfukuza, nilitaka asikie. Nikasema:

"Zifungueni taa hizo sasa hivi, bwana huyu akiwa anaona. Mkwe, lete blanketi safi, siyo lile la mwanzo. Akitaka kuondoka na gari lake lisukumeni mpaka barabarani, na funguo mumpe mkononi. Asubuhi wote watatu mnakwenda Gongo la Mboto. Mnapiga hodi mlangoni kwa yule mama, kwa shemeji hampiti. Mnasimama nje, mnasema kwa sauti nyie ni nani na mlifanya nini, mnangoja ajibu kwa mdomo wake. Akiwaruhusu, mnarudisha taa pale zilipokuwa, halafu mnafungua boneti na mnaishughulikia injini ile mpaka iwake, na hamtoki pale na hata nati moja. Na mpaka mama yule alisikie gari lake linanguruma, hakuna spana itakayogusa gari jingine katika uwanja huu."